Dira ya Maisha Nachingwea na Ruangwa: Nani Anapanga Malengo ya Kijana?

Semina za vijana zina swali lao moja: unajiona wapi miaka 5 ijayo? Linaulizwa Dar es Salaam, linaulizwa Nachingwea, kwa maneno yale yale, na nyuma yake unafuata ushauri ule ule. Andika ndoto yako, iwekee tarehe, amka mapema, pambana. Penye nia pana njia.

Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini unaruka hatua ya kwanza. Kabla kijana hajaweka nia, yapo mambo yaliyokwisha kuamua kama nia hiyo itakuwa ya kwake au ya kupewa, ya kufikika au ya kusimuliwa tu. Mambo hayo ni matatu: yale aliyowahi kuyaona yakiwezekana kwa mtu wa aina yake, kauli aliyonayo mbele ya wanaomlea, na majira ya fedha anayoitegemea. Bidii ina nafasi yake kubwa, ila inafanya kazi ndani ya hayo matatu. Kumhimiza kijana apambane bila kuyagusa ni kumwonea.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zinafaa kuchunguzia jambo hili. Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, hivyo historia yao ni moja, nayo imejaa malengo makubwa yaliyopangwa na watu wengine.

Mpango uliokuwa na kila kitu isipokuwa jaribio

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza mashamba makubwa ya karanga. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, ikatandikwa reli kutoka pwani, na matrekta yakaingia porini kung'oa miti.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo. Zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Reli ya kusini iliendelea kwa shida, ikafungwa mwaka 1962, na mataruma yake yakang'olewa.

Tunasimulia habari hii kama kituko cha wakoloni, na hapo tunajinyima somo lake. Yote ambayo semina hufundisha kuhusu malengo, mpango wa karanga ulikuwa nayo. Ulikuwa na maono makubwa, tarehe, takwimu, fedha na watu waliojituma kweli. Kilichokosekana ni shamba dogo la majaribio la misimu michache ambalo lingeonyesha udongo unasemaje na mvua inanyesha vipi. Mwanya wa mwenyeji kuuliza swali na kusikilizwa haukuwepo pia. Lengo linaweza kuwa wazi, lina tarehe na linapimika, na bado likawa kosa tangu siku ya kwanza. Uzuri wa maandishi yake hauthibitishi kwamba linafaa.

Kijana anayekopa fedha zote kwa mkupuo mmoja kufungua biashara ambayo hajaifanya hata kwa mwezi anarudia kosa lile lile, kwa kiwango chake.

Kambi iliyojua inakokwenda

Miaka michache baadaye Nachingwea ilipokea lengo la namna nyingine. Chama cha FRELIMO, kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kikaanza vita vya ukombozi Septemba 1964, na kuanzia mwaka 1965 Nachingwea ikawa kambi yake kuu ya mafunzo. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alijengea jina lake hapo. Kuanzia mwaka 1967 wasichana wa Kikosi cha Wanawake walifunzwa pia, miongoni mwao Josina Machel, aliyefariki Aprili 1971 akiwa bado kijana. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Hapo kulikuwa na lengo ambalo wenyewe waliliamini. Waliokuwa kambini walijua kwa nini wanaamka alfajiri. Vita vyenyewe vilianza kwa vikundi vidogo upande wa pili wa Mto Ruvuma, vikapanuka kadiri vilivyojifunza. Tofauti na mpango wa karanga, ukubwa ulikuja baada ya ujuzi.

Lakini kambi hiyo hiyo ina ukurasa mwingine. Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru, Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO na baadaye mpinzani wake, alilazimishwa kusoma hadharani maungamo marefu mahali hapo hapo. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Lengo la pamoja, hata likiwa la haki kiasi gani, linaweza kumnyima mtu mmoja nafasi ya kusema "mimi naona tofauti". Katika familia hakuna kambi wala bunduki, ila swali linabaki: mtu asiyekubaliana na mpango wa wengi anabaki na nafasi gani?

Macho huamua ukubwa wa ndoto

Tuje kwa kijana wa leo, na jambo la kwanza kati ya yale matatu: aliyowahi kuyaona yakiwezekana. Mwanaanthropolojia Arjun Appadurai aliandika mwaka 2004 kwamba uwezo wa kutamani haugawanywi sawa. Maskini hawapungukiwi ndoto. Wanapungukiwa nafasi za kuzifanyia mazoezi. Mtoto wa mwenye nacho anawajua wahasibu, madaktari na wafanyabiashara kwa sura. Anaona hatua walizopitia, anauliza, anajaribu, anakosea na kurudi. Mtoto wa mkulima anajua jina la kazi, ila hatua zilizo katikati hazijui. Mchumi Debraj Ray ameongeza hoja nyingine: lengo lililo karibu mno halimsukumi mtu, na lililo mbali mno humkatisha tamaa.

Majaribio yaliyofanyika ukanda wetu yanaunga mkono hoja hiyo. Katika wilaya ya Doba, mashariki mwa Ethiopia, watafiti waliwaonyesha wanavijiji filamu fupi za watu wenye maisha kama yao waliojikwamua kwa juhudi zao. Miezi 6 baadaye waliozitazama walikuwa wakiweka akiba zaidi na kutumia zaidi kwa masomo ya watoto wao. Huko Kampala, mtafiti Emma Riley aliwapeleka wanafunzi wa sekondari kutazama filamu ya mwaka 2016 kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyepanda kwa kucheza sataranji. Waliotazama walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa hisabati kuliko wenzao waliotazama filamu nyingine. Filamu haikuwafundisha hisabati. Iliwaonyesha mtu wa mtaani kwao akifika.

Ruangwa ina mifano yake. Kassim Majaliwa alizaliwa huko, akawa mwalimu, akasoma zaidi akiwa kazini, akawa mkuu wa wilaya, akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 2010, na kuanzia Novemba 2015 akawa Waziri Mkuu kwa miaka 10. Namungo FC ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba mwaka 2020, kisha ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa mji mdogo uliokuwa ukisikia mpira wa Afrika redioni tu, hilo lilibadilisha kinachosemeka. Mtoto wa Ruangwa anayesema anataka kucheza Ligi Kuu hachekwi tena.

Upungufu uko katikati. Kati ya Waziri Mkuu na jirani mwenye ekari mbili za ufuta pana nafasi kubwa ambayo watoto hawaoni watu. Afisa ugani, fundi umeme wa viwandani, mthamini wa madini, mhasibu wa chama cha msingi, mama mwenye kikundi kinachobangua korosho na kuzifungasha: watu hawa wapo, lakini ni wachache wanaoalikwa shuleni kueleza walivyofika. Ruangwa kuna madini ya kinywe yanayotafutwa na viwanda vya betri duniani. Mgodi unaweza kumletea kijana kazi ya kulinda geti au kazi ya maabara, na tofauti ya hizo mbili huanza darasani, miaka mingi kabla, kwa mtoto kujua kwamba kazi ya maabara ipo na inaanzia kwenye kemia ya kidato cha tatu.

Mwenye kauli ni nani?

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema, kwa kuwa linagusa heshima. Kwa Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, ukoo kwa asili umehesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kuhusu wapwa zake. Jando na unyago humpa mtoto picha ya maisha mapema: utakuwa nani, utamheshimu nani, utabeba wajibu gani. Ni kosa kuidharau picha hiyo. Humfundisha kijana kwamba maisha yake yana watu ndani yake, na vitabu vingi vya mafanikio vinavyouzwa vituo vya mabasi vimesahau hilo kabisa. Mtu asiye na wa kumjali wala wa kumjibu hana dira. Ana tamaa tu.

Ila picha ile ilichorwa wakati maisha yalikuwa na njia chache. Tatizo huanza pale inapofunga mlango badala ya kuonyesha njia, na mlango huo hufungwa mapema zaidi kwa binti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa ya serikali mwaka 2019. Hatua nyingine ilikuja Novemba 2021, serikali iliporuhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Maamuzi hayo mawili yana maana kubwa kwa mada yetu. Binti aliyeozwa bila kuulizwa, au aliyefungiwa shule moja kwa moja, amenyang'anywa zaidi ya elimu. Amenyang'anywa haki ya kujiwekea lengo na kulibadili.

Kwa hiyo kijana wa hapa anayetaka dira yake mwenyewe ana kazi mbili. Ya kwanza ni kujua anachotaka. Ya pili ni kukieleza kwa watu wenye kauli bila kuwavunjia heshima. Kazi hii ya pili haifundishwi popote, na ndiyo inayoangusha wengi. "Mjomba, naomba tukae jioni, nina jambo la masomo" ni sentensi yenye nguvu kuliko ukurasa mzima wa ndoto uliofichwa chini ya godoro. Anayefika na hoja, gharama na muda hupata angalau mazungumzo. Anayefika na ndoto tupu hupewa mpango wa mwingine.

Benjamin Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alipitia Ndanda, Kigonsera na Pugu hadi Makerere. Tawasifu aliyoitoa mwaka 2019 aliipa jina linalotaja maisha yake pamoja na kusudi lake. Mtu wa kusini anaweza kuwa na kusudi linalopita kijiji chake, na bado kijiji kikabaki nyumbani.

Kalenda ya fedha

Jambo la tatu ndilo linaloachwa na takribani kila kitabu cha malengo. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye mshahara: weka asilimia fulani kila mwezi. Nachingwea na Ruangwa fedha haiji kila mwezi. Ufuta huvunwa kuelekea katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho huanza kuingia ghalani kuanzia Oktoba. Katikati ya hapo kuna miezi mikavu, na ndani ya miezi hiyo ndimo mikorosho hudai salfa na pembejeo nyingine.

Hapo ndipo kangomba huingia. Mwenye shida ya fedha leo huuza korosho zilizo bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu atakayezichukua msimu ukifika. Biashara hii hutajwa kama kosa la kisheria, nayo ni hivyo. Ina madhara mengine: aliyeuza kwa kangomba amemkabidhi mtu mwingine uamuzi wa mwaka ujao. Ada, bati la nyumba na nauli ya kwenda chuoni vyote vimeondoka na bakuli la korosho zisizochumwa. Malengo ya muda mrefu hufa kimya kimya kwa njia hii, na jirani husema fulani hana nia.

Stakabadhi ghalani, iliyoanza kwenye korosho mwaka 2007, imesaidia kwa kupeleka mazao mnadani kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Lakini bei bado huamuliwa mbali. Agosti 2017 India iliweka kikomo kwenye uagizaji wa mbaazi, na bei ya mkulima huku ikaporomoka. Msimu wa 2018 wakulima wa korosho walikataa bei za mnada, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kusomba, na malipo ya baadhi ya wakulima yakachelewa. Kwenye madini hali ni hiyo hiyo. Leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, ilifutwa, shauri likaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 100. Aliyekuwa ametundika maisha yake yote kwenye ajira ya mgodi ule alibaki akisubiri uamuzi wa watu asiowajua.

Funzo ni kugawa malengo kwa muda wake, jambo ambalo mkulima wa hapa analijua tayari shambani. Ufuta humlipa ndani ya msimu mmoja. Mkorosho humdai miaka kadhaa ya palizi kabla ya kumlipa, kisha humlipa kwa miongo. Anayepanda ufuta peke yake hula kila mwaka bila kusonga mbele, na anayepanda mikorosho peke yake hulala njaa akisubiri. Malengo ya maisha yanataka mchanganyiko ule ule.

Dira inavyotengenezwa

Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi 65, na mtaala mpya umefungua mkondo wa amali. Machaguo yameongezeka kuliko wakati wowote, lakini wengi bado hujaza fomu hiyo kwa kumtazama jirani. Ni karatasi ya serikali inayomuuliza kijana anataka nini, na inastahili maandalizi ya mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa Ruangwa amemaliza kidato cha nne na anataka ufundi umeme. Kwenye daftari ataandika "niwe fundi umeme", na chini yake mistari mitano. Kwa nini: kwa sababu migodi, mashine za kukoboa na nyumba mpya zinataka mafundi, na mkono wake unapenda kazi hiyo. Jaribio: kumsaidia fundi wa mtaani kwa wiki kadhaa kabla ya kulipa ada yoyote. Fedha: gunia gani la ufuta litauzwa mnadani kwa ajili ya ada, na nani atashika fedha hiyo siku malipo yakitoka. Watu: lini atazungumza na mama, lini na mjomba, na atajibu nini wakisema umeme ni kazi ya wanaume. Kizuizi: bei ya ufuta ikishuka, basi atafanya kibarua cha kubangua korosho na kuanza muhula unaofuata.

Mstari huo wa mwisho una nguvu ya pekee. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba anayejiandalia jibu la "likitokea hili, basi nitafanya lile" hutimiza zaidi kuliko anayebaki na nia tupu. Mwenzake Gabriele Oettingen amegundua kwamba kuota mafanikio bila kukitazama kizuizi hupunguza juhudi, kwa kuwa akili huonja ushindi kabla ya kazi. Kwa wilaya ambayo bei ya zao hubadilika kwa tangazo la nchi nyingine, mpango usio na "ikishindikana" haujakamilika.

Lazima tuseme wazi pia kwamba daftari peke yake halitoshi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ikitolewa kwa vikundi vilivyoundwa kwa haraka ili tu fedha ipatikane, itarudia mpango wa karanga kwa vipande vidogo. Ikimfuata kijana aliyekwisha kujaribu kazi yake kwa udogo, itazaa matunda.

Wakubwa wana wajibu wao. Shule za sekondari za wilaya hizi zinaweza kualika kila muhula mtu mmoja wa katikati, fundi, mthamini au mhasibu, aeleze hatua zake moja baada ya nyingine. Vyama vya msingi vinaweza kumwezesha mzazi kutenga ada moja kwa moja siku malipo ya mnada yanapoingia, kabla fedha haijapita mikononi mwa wengi. Wazazi na wajomba wanaweza kuuliza "unataka nini, na umekijaribu wapi?" kabla ya kutoa amri. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Taifa limezindua Dira ya Maendeleo 2050. Kijana aliyeko kidato cha nne leo atakuwa amepita miaka 40 mwaka huo utakapofika. Kama hadi wakati huo hajawahi kuulizwa anataka nini, wala kupewa nafasi ya kujaribu kwa udogo na ruhusa ya kubadili mawazo, dira ya taifa itakuwa imeandikwa kwa niaba yake, kama karanga zilivyopandwa kwa niaba ya babu zake. Nachingwea imekwisha kulipa gharama ya malengo ya namna hiyo. Watoto wake wana haki ya kuanza na ya kwao.